Nishati Safi Ifuate Kalenda ya Pamba

 

Leo nataka tuzungumze habari ya jiko. Najua wapo watakaosema jiko ni mambo ya akina mama, na mwanamume anayejadili jiko redioni kakosa kazi. Basi nikukumbushe kuwa tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliketi na mawaziri wake jijini Dar es Salaam akazindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia. Mkakati ule unasema ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi: gesi, umeme, bayogesi na nyinginezo zisizotoa moshi wa kuua. Siku sita baadaye alikuwa Paris, kwenye mkutano wa viongozi ulioitishwa kwa ajili ya jiko la Mwafrika. Zikaahidiwa pale dola bilioni 2.2. Kama jiko ni jambo dogo, wakubwa hao wote walikuwa wanatafuta nini?

Sera ninaiunga mkono. Ninachouliza ni kama imepigiwa hesabu ya kaya ya Nkololo, huku kwetu Bariadi, Usukumani, au imepigiwa hesabu ya mtu anayepokea mshahara kila tarehe 25.

Tuanze na tunachopikia. Ukiingia jikoni kwetu baada ya mavuno utakuta mabua ya pamba yameegemezwa ukutani, marefu, makavu, mepesi. Mabua hayo yana tabia moja ambayo kila mama wa Usukumani anaijua: hayana moto wa kukaa. Unasukuma kichwa cha bua kati ya mafiga, linawaka kwa fujo, na kabla maji ya ugali hayajachemka limekwisha. Kwa hiyo mpishi hawezi kuondoka. Anachutama pale pale, mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine unalisha moto, uso umeinamia moshi. Mabua yakiisha kunabaki kuni za kutafuta mbali, na kuni zikikosekana kunabaki kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Hicho chenyewe kina moto wa kukaa, lakini moshi wake unajulikana.

Kwa nini watu wa nchi yenye mbuga na mapori kama Tanzania wapike kwa kinyesi? Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Usukuma ulikuwa na miti. Wakati wa mkoloni mapori yalifyekwa kwa amri ili kumwondoa mbung'o. Ikaja pamba, ikataka mashamba mapana. Ng'ombe wakaongezeka. Mwaka 1974 na 1975 watu wakahamishiwa vijijini, na maeneo ya malisho waliyokuwa wakiyatunza kwa mila yakabaki hayana mwenyewe. Kufika miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alikuwa anaizungumzia Shinyanga kama nchi inayogeuka jangwa, na Shinyanga ya wakati ule ndiyo iliyokuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake. Mkoa wetu wa Simiyu umezaliwa mwaka 2012 tu.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni uliweka nguvu kwenye vitalu na miche, kama miradi mingine ya miti. Mafanikio makubwa yakaja pale wataalamu walipoyaangalia maarifa ya wenyeji wakaukuta mfumo wa ngitili: eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika, nyasi na miti vikajiotea vyenyewe, likafunguliwa kiangazi kikikolea. Sheria ya kulinda ngitili haikuhitaji kutoka Dodoma. Ilipitishwa na dagashida, mkutano wetu wa jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakaisimamia. Katika miaka isiyofika 20 zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti, na mwaka 2002 HASHI ikatambuliwa kwenye Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Weka kumbukumbu hiyo akilini, msikilizaji, maana nitaihitaji mbele. Sera ilifanikiwa Usukumani ilipopitia mlango ambao Msukuma alikuwa tayari anao.

Sasa turudi kwenye moshi. Mkakati wa Taifa unataja Watanzania wapatao 33,000 wanaokufa kila mwaka kwa maradhi yatokanayo na hewa chafu ya majumbani. Kwingine moshi unahesabiwa kwa mapafu peke yake. Kwetu una hesabu nyingine, na ni aibu kuisema lakini ni aibu kubwa zaidi kuinyamazia. Katika Kanda hii ya Ziwa bibi zetu wameuawa kwa mapanga wakituhumiwa uchawi, na ushahidi uliotolewa dhidi yao mara nyingi ulikuwa macho mekundu. Bibi kapika kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua miaka 50, kawalea watoto na wajukuu kwa moshi ule, macho yamewiva, halafu mtoto wa jirani anaumwa malaria na mganga anamnyooshea kidole yeye. Mashirika yaliyotetea wazee, kama HelpAge International na wenzao wa MAPERECE wa Magu, yaliliona hilo mapema. Ndiyo maana katika kazi ya kulinda uhai wa vikongwe yaliingiza pia majiko sanifu yanayopunguza moshi. Kwa hiyo anayesema nishati safi ni mambo ya Wazungu na joto la dunia, aje aketi na mabibi wa Usukumani.

Na hilo la joto la dunia tulimalize upesi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Paris wa tabianchi mwaka 2018, na mwaka 2021 ikaahidi kupunguza hewa ukaa kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo bila kuchukua hatua. Lakini mchango wetu katika kuichafua anga ni mdogo mno mbele ya nchi zenye viwanda. Mama wa Nkololo hana deni na mtu. Kama kuna deni, anadai. Mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kuyaleta Busega, Bariadi na Itilima, uliopitishwa mwaka 2017 na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi kwa mkono wa benki ya Ujerumani, KfW, ni sehemu ya deni hilo kulipwa. Kwa hiyo tunapobadili jiko tubadili kwa faida yetu kwanza: macho, mapafu, miti na muda wa mama. Anga nayo itafaidika.

Haya, tupige hesabu. Nitatumia kipimo ambacho kila mtu hapa anakielewa, kilo ya pamba. Mwaka 2024 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,150.

Tuanze na gesi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, wamegawa mitungi ya kilo sita kwa ruzuku ya asilimia 50, mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Watu walipanga foleni, picha zikapigwa, na ni jambo jema. Lakini mtungi ukiisha ruzuku imeisha. Kuujaza tena ni zaidi ya shilingi 20,000, yaani karibu kilo 20 za pamba, na fedha hizo zinatakiwa zote kwa pamoja, siku ile ile. Hakuna duka linalokujazia gesi ya shilingi 500 kama unavyonunua mafuta ya kula kwa kipimo. Matokeo tunayajua. Mtungi unawekwa pembeni ya kabati, unatumika mgeni akija au mtoto akiugua usiku. Kwenye takwimu nyumba hiyo ina nishati safi. Kwenye mafiga mambo ni yale yale.

Sasa umeme. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, kwa sababu tumezoea kusema umeme ni ghali. Mteja mdogo wa shirika la umeme, TANESCO, yule wa daraja la D1 anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti, na ukijumlisha kodi na tozo inafika 122. Zile presha kuka za umeme, ambazo siku hizi zinaitwa majiko janja, zinaivisha maharage ya familia kwa kama nusu uniti, kwa sababu chungu kimefunikwa na joto halipotei. Tuseme kaya inapika kwa uniti moja kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 30, shilingi 3,660. Hizo ni kilo tatu na kidogo za pamba. Kilo tatu, msikilizaji, mbele ya 20 za gesi! Na umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, unanunua hata wa shilingi 1,000, kadiri mfuko unavyoruhusu. Huo ndio ulipaji unaofanana na maisha ya kijijini.

Kama hesabu ni nzuri hivyo, mbona hatupiki kwa umeme? Sababu ni tatu, na hakuna hata moja inayohusu uvivu wa mtu kubadilika.

Ya kwanza, umeme wetu umeishia sebuleni. Kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000 na serikali inasema vijiji vyote vya Tanzania Bara, 12,318, vimeshafikiwa. Sawa. Lakini nyumba ya Kisukuma ina jiko lake nje, kibanda cha peke yake, mara nyingi cha udongo na nyasi. Mita iko nyumba kubwa, taa iko nyumba kubwa, redio unayonisikilizia iko nyumba kubwa. Waya wa kwenda jikoni hakuna aliyeupangia bajeti. TANESCO wanacho kifaa kinachoitwa UMETA, Umeme Tayari, chenye soketi na swichi zake, kwa ajili ya nyumba isiyofanyiwa wayaringi. Kifaa cha namna hiyo kikifungwa jikoni kwa usalama, ukuta ukakandikwa vizuri na bati likawekwa juu, nusu ya safari imekwisha.

Ya pili, umeme unakatika. Nchi sasa ina umeme mwingi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na kwa jirani zetu wa Kishapu umeingia mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, awamu ya kwanza 50. Mradi huo wa jua una maana kubwa kwa nchi inayotegemea mabwawa, maana mwaka 2006 ukame ulituweka gizani, na mwishoni mwa 2023 mgao ulirudi. Lakini umeme kuzalishwa ni jambo moja, na kufika Nkololo saa 12 jioni bila kuyumba ni jambo jingine. Mama hawezi kuweka maharage kwenye jiko janja halafu ukakatika katikati. Atarudi kwenye mabua, na hatajaribu tena.

Ya tatu ndiyo kubwa: bei ya jiko lenyewe. Ni laki moja na zaidi. Kwa pamba ni kilo 100 hivi, na mkulima wetu wa kawaida anavuna kilo 200 hadi 300 kwa ekari. Utamwambia nani atoe theluthi hadi nusu ya mavuno ya ekari kwa mkupuo mmoja ili anunue chungu?

Na hapa ndipo naifikia hoja yangu ya leo. Fedha ya Nkololo ina msimu wake. Soko la pamba hufunguliwa Mei. Kuanzia hapo hadi Agosti kuna fedha: watu wanaoa, wananunua ndama, wanaezeka bati, ngoma zinachezwa. Novemba tunapanda. Januari hadi Machi ni palizi na dawa ya wadudu, ghala linakauka, mfuko unakauka. Na miezi hiyo hiyo ndiyo mvua inanyesha, mabua yameisha, kinyesi hakikauki na kuni zimelowa. Yaani wakati moshi ni mzito kuliko wakati wote, ndio wakati fedha hakuna kabisa. Sera isiyojua hilo italeta mitungi Februari na kushangaa kwa nini watu hawana hela ya kuinunua hata kwa nusu bei.

Tufanyeje? Nasema mlango tunao, kama ngitili ilivyokuwa mlango wa HASHI. Mlango huo ni AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Mkulima wa pamba amezoea kuchukua mbegu na dawa kwa mkopo, jina likaandikwa daftarini, na msimu ukifika akakatwa kwenye kilo zake pale mzanini. Mfumo huo una karani, una mzani, una orodha ya wanachama. Kinachokosekana ni jiko kuingia kwenye orodha ya pembejeo. Jiko janja likopeshwe Oktoba kabla ya mvua, pamoja na waya wake wa kufika jikoni, likalipwe kwenye pamba ya misimu miwili. Kwa kilo 50 kila msimu mkulima hatahisi kama ameuza ng'ombe. Ruzuku ya serikali, ile inayokwenda kwenye mitungi, sehemu yake ielekezwe kupunguza bei ya jiko hilo.

Najua utakachosema, mzee wangu unayenisikiliza hapo chini ya mkwaju. Utasema: makato tena? Na una haki ya kusema hivyo. Mwaka 2019 wakulima wengi walipeleka pamba mzanini wakakaa miezi wakisubiri malipo. Bei nayo haina adabu: mwaka 2022 ilikuwa shilingi 1,560, mwaka uliofuata ikaporomoka hadi 1,060. Ukimkopesha mtu kwa hesabu ya bei ya juu, msimu mbaya ukija umemfunga kamba. Kwa hiyo mkopo wa namna hii uwe na masharti yake. Uwe wa hiari, asiyeutaka asikatwe hata senti. Uandikwe kwenye kitabu cha mkulima mwenyewe, si daftari la karani peke yake. Pamba ikikosa soko au mvua ikigoma, deni lisogee msimu unaofuata bila riba. Na dagashida au mkutano mkuu wa kijiji usomewe orodha hadharani, nani kachukua, nani kalipa, kiasi gani. Wizi wa ushirika huota gizani, na wanaoujua zaidi ni wakulima wa pamba.

Kuna wasio na umeme na kuna wasiolima pamba. Hao tusiwaache. Wanaweza kuanza na jiko sanifu la udongo lenye bomba la kutolea moshi, ambalo fundi wa hapa hapa analijenga kwa siku moja. Halijafikia kiwango cha nishati safi cha Mkakati, lakini linaokoa macho leo. Mabua ya pamba, ambayo wataalamu wanatutaka tuyang'oe na kuyachoma ili wadudu wasivuke msimu, yanaweza kusagwa na kugandamizwa kuwa mkaa mbadala. UNCTAD, shirika la biashara na maendeleo la Umoja wa Mataifa, lilishaliangalia suala hilo la mabaki ya pamba kwa Tanzania, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Kinyesi cha ng'ombe wetu kinatosha kwa bayogesi, na kituo cha teknolojia vijijini cha Arusha, CAMARTEC, kina utaalamu wa mitambo ya gesi hiyo tangu miaka ya 1980. Kikwazo cha bayogesi kimekuwa maji, kwa sababu mtambo unataka ndoo ya maji kwa ndoo ya kinyesi, na hakuna mama atakayetembea kilomita kadhaa kuchota maji ya kunywesha shimo. Bomba la Ziwa Victoria likifika, bayogesi itakuwa na maana kwa mwenye ng'ombe wanaolala zizini. Hayo mambo mawili, maji na jiko, yapangwe na ofisi zinazozungumza.

Na shule? Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeshaamriwa kuacha kuni na mkaa. Shule ya kata yenye wanafunzi mia kadhaa haiwezi kuitii amri hiyo kwa barua. Halmashauri ya Bariadi iseme kwenye bajeti yake, kwa jina la shule, ni jiko gani linanunuliwa mwaka gani. Vinginevyo tutaendelea kumwona mtoto anakwenda shule na daftari mkono mmoja na kuni mkono mwingine, huku amri ikiwa imebandikwa mlangoni kwa mwalimu mkuu.

Nimalizie kwa maombi manne, na nayataja ili mwakani tuulizane. Diwani, peleka hoja ya jiko kwenye vikao vya bajeti kabla pamba haijapandwa. TANESCO, kabla ya kuhamasisha watu kupika kwa umeme, tengenezeni njia ya kutuletea umeme wa jioni usiokatika, na muwafuate wananchi hadi kibanda cha jiko. REA, mnapotoa taarifa msihesabu mitungi iliyogawiwa. Hesabuni mitungi iliyojazwa mara ya pili na ya tatu, hapo mtajua ukweli. Na wewe mwanachama wa AMCOS, mkutano wa chama ukiitishwa mwaka huu, simama uulize: mbegu tunakopeshwa, dawa tunakopeshwa, jiko kwa nini tusikopeshwe? Ukiulizwa utalipa lini, jibu unalo: nitalipa nitakapopima pamba.